Bibi, Unaitwa Mbwamaji

Mzenga,
Jumapili, 10 Januari 1954.

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuahidi kwamba safari hii nitakueleza yote, bila kuruka hata neno moja. Kwa nini nasema "safari hii" utaelewa nikifika mbele. Nivumilie mwendo, maana nimechoka. Tumerudi juzi kutoka pwani, kwenu Mbwamaji, na nyayo zangu bado zina malengelenge ya njia ya Soga.

Kwanza habari za nyumbani. Imebaki kidogo itimie miezi mitatu tangu ututoke. Mvua za vuli zilianza siku ya pili baada ya maziko, udongo wa kaburi ukatitia, na Baba akaenda kuusawazisha kwa mikono bila kumwambia mtu. Kuku wako mwekundu anataga palepale chini ya kitanda chako, na Mama hana moyo wa kumfukuza. Kinu chako anatumia Mama. Kila akitwanga anaweka mchi chini anahema, anasema hajui mtu mwembamba kama wewe ulikuwa unatoa wapi nguvu. Tatu ameng'oka meno mawili ya mbele na sasa akisema "Bibi" linatoka upepo mtupu. Mimi kesho naanza darasa la sita.

Baba ndiye aliyebadilika. Zahanati anakwenda kama kawaida, na wagonjwa wanasema bado anawatania, lakini akirudi anakaa kizingitini na viatu vyake miguuni mpaka Mama amvue. Yeye ni dresa, amechoma sindano nusu ya watu wa Mzenga, na homa yako ya siku nne ikamshinda. Neno hilo hapa nyumbani hatulitaji. Linakaa tu, tunalizunguka.

Mwezi wa kumi na moja likizo yake ikatoka. Ile ile, Bibi. Siku kumi na nne. Ile aliyokuahidi tangu sijajua kusoma: "Mama, likizo yangu ikitoka nakupeleka kwenu ukaone bahari yako." Mwaka mmoja ikazuiwa kwa ajili ya sindano za buba, mwaka wa pili kwa ajili ya chanjo, mwaka wa tatu hapakuwa na mtu wa kumshikia zahanati. Karatasi ilipofika aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaitia mfukoni, akasema, "Tutakwenda vilevile." Mama akauliza, "Kwa nani sasa?" Baba akajibu, "Kwa mama mdogo. Na watoto waone bahari." Hakuna aliyeruka kwa furaha, hata Tatu.

Tuliondoka alfajiri moja mwishoni mwa Desemba, shule zimefungwa, Baba na mzigo wa mikeka, Mama na makopa kichwani, Tatu mara chini mara mgongoni kwa Baba. Mimi nilibeba mkoba wako wa ukindu. Nilisema nimetia nguo zangu humo. Nguo zilikuwamo, lakini chini yake zilikuwamo barua tatu za mwisho za mdogo wako, Bibi Mdogo, na hizo zilinilemea kuliko makopa yalivyomlemea Mama.

Tulifika Soga jua limeshageuka, tukangoja gari moshi chini ya ukingo wa paa la stesheni. Ndani ya behewa Tatu alilala kabla hatujaanza kwenda. Tulilala Dar es Salaam kwa mtu mmoja anayejuana na Baba, asubuhi tukavuka kwa pantoni, na upande wa pili tukaanza tena mguu. Mchanga, Bibi! Hukuniambia kwamba kwenu ukipiga hatua mbili mchanga unakurudisha moja. Mama alivua viatu, akasema, "Kumbe mama mkwe alikuja kwetu kupumzika."

Bibi Mdogo alikuwa amekaa mlangoni. Ana pua yako. Ana sauti yako pia, nayo ilinishtua, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuisahau. Baba akapiga magoti. "Shikamoo, mama." Akajibu, "Marahaba. Sindano za serikali zimekunenepesha, mwanangu." Akatupa mkono, mmoja mmoja. Kisha akatazama njia nyuma yetu, kama mtu anayemngojea wa mwisho aliyeachwa na mwendo. Alikuwa na habari, Bibi. Baba alikuwa amemwandikia siku ya tatu. Lakini alitazama.

Chumbani kwake mna vitanda viwili vya kamba. Kimoja kamba zake zimelegea mpaka zinagusa chini, ndicho anachokilalia yeye. Cha pili kimewambwa upya, kimekaza kama ngoma, na juu yake mkeka ambao haujakunjwa hata mara moja. Tatu akaukwea. "Shuka," Bibi Mdogo akamwambia, bila ukali. "Hicho kina mwenyewe." Sote tukatazama pengine.

Sasa nikueleze bahari, maana hiyo ndiyo tuliyoambiwa tunakwenda kuiona. Ni nzuri. Nilipoiona mara ya kwanza nilikuelewa kwa nini ulikuwa ukisimama nje pepo zikivuma, umefumba macho. Jua la huko halina kivuli, linatoka juu na linatoka chini mchangani. Baba alimwambia Tatu kuwa bahari ni mzee kuliko watu wote, basi Tatu akashika adabu, akaikaribia, akasema, "Shikamoo!" Akangoja. Maji yakaja mpaka vifundoni yakarudi. Akageuka kwetu uso umemshuka: "Haijaitikia." Wanawake waliokuwa wakienda miambani na vikapu walicheka. "Sema kwa sauti, mtoto! Bahari kiziwi!" Tangu hapo kila asubuhi alikwenda kuipigia shikamoo kwa ukelele.

Baba alilala. Nilidhani mtu aliye likizo hutembea na kutazama vitu. Baba alitandika mkeka kivulini asubuhi ya kwanza, akalala mpaka adhuhuri, akaamka akala, akalala tena. Siku ya pili vilevile. Bibi Mdogo akasema, "Huyu si likizo, huyu amekuja kulipiza usingizi." Mama naye alikaa na miguu mchangani, akawa anatazama mikono yake. "Sijui niiweke wapi," aliniambia. Hapakuwa na kuni za kufuata mbali, hapakuwa na shamba. Siku ya tatu nilimwona amechukua fagio anafagia ufuo.

Nami? Nilioga, nikaokota makombe, nikacheka pale ilipofaa. Lakini kila niliporudi nyumbani Bibi Mdogo alinitazama kama mtu anayetaka kuuliza saa. Nami nilijua atauliza nini.

Sasa nimefika.

Bibi, uliniita msomaji wako. Barua ikija ulikuwa unanikalisha kwenye kigoda chako, wewe unakaa chini, unasema, "Haya, mke mwenzangu, nisomee, lakini usiharakishe kama unafukuza kunguru." Na kila nilipomaliza uliuliza swali moja tu: "Amesema nije?"

Nilijua kisa chako kwa sababu ulinisimulia mara nyingi kuliko hadithi yoyote. Siku ya arusi yako mdogo wako alicheka mbele ya watu, akasema unakwenda kuolewa porini na mtu anayenuka moshi wa mkaa. Wewe ukasimama na nguo zako za arusi ukasema hutakanyaga Mbwamaji mpaka yeye mwenyewe akuite. Na kwenu, mtu akishasema hivyo mbele ya wazee, hawezi kurudi kwa miguu yake mwenyewe. Lazima aitwe. Ukakaa miaka yote hiyo. Barua zilipoanza kuja, za salamu tu, ulifurahi, lakini ulikuwa unangoja neno moja.

Barua tatu za mwisho zilikuwa na neno hilo.

Ya kwanza ilipokuja, Baba aliifungua kabla yako, akaisoma, akaniita nyuma ya nyumba. Akasema, "Zuhura, hapa chini pana maneno ya kumwita. Usimsomee. Ukimsomea ataondoka kesho kwa miguu, na moyo wake haufiki Soga. Mimi nitampeleka mwenyewe, likizo yangu ikitoka." Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba ni dresa, anajua mioyo. Nikasoma salamu, nikasoma habari za mtama na za mtoto aliyezaliwa kwa jirani, nikafika pale, nikaruka, nikasoma "Wasalaam."

Ukauliza, "Amesema nije?"

Nikasema, "Hajasema, Bibi."

Ukasema, "Basi." Ukainuka ukaenda kuchochea moto uliokuwa unawaka vizuri.

Na si hilo tu. Ulipotaka kujibu uliniambia niandike: "Mwambie sina hasira tena, nangoja aniite." Ningeandika hivyo, yeye angejibu kwamba amekwisha kukuita. Basi sikuandika. Hilo Baba hakuniagiza, hata hakulijua mpaka hivi majuzi. Nililitunga mwenyewe, kwa kuogopa. Niliandika kwamba sote hatujambo na mihogo imestawi. Barua tatu, na katika zote tatu mihogo imestawi.

Ya tatu ilikuja mwezi wa saba. Nilipomaliza kuisoma ulinyosha mkono ukaichukua karatasi. Ukaigeuza upande huu, ukaigeuza upande huu, ukapitisha kidole juu ya mistari. Ukasema, "Siku hizi karatasi kubwa, habari ndogo." Kisha ukanirudishia, ukanipa kipande cha mua. Mua ule sikuula. Niliutupa kwa mbuzi.

Miezi mitatu baadaye ukashikwa na homa.

Siku ya nne huko Mbwamaji maji yalikupwa mbali sana. Bibi Mdogo, ambaye miguu yake haimfikishi hata kisimani, alisaidiwa mpaka ufuoni akaketi juu ya mkeka na jiwe lake, awe anavunja chaza tunaomletea. Baba alikuwa amelala hatua chache kutoka hapo. Nilimwaga kikapu changu mbele yake, naye bila kuinua uso akaniuliza, "Ni wewe uliyekuwa ukimsomea dada barua zangu?"

"Ni mimi, Bibi."

"Alisema nini nilipomwita?"

Mwalimu wetu husema ukilikabili swali gumu, jibu kwanza sehemu unayoijua. Nilijibu sehemu hiyo. Nilisema, "Sikumsomea."

Akaendelea kuvunja chaza. Akavunja wa pili, akavunja wa tatu. Nikadhani hakusikia, nikataka kurudia, nikaona jiwe limeshuka mkononi na halijagusa kitu.

"Alikufa akidhani sikumwita," akasema.

Nikasema, "Ndiyo."

"Nami nikakaa hapa nikidhani hataki kuja."

"Ndiyo."

Baba aliamka. Sijui alisikia kuanzia wapi. Akaja akapiga magoti, mchanga umemganda shavuni. "Mama, ni mimi niliyemwagiza. Mtoto hana kosa. Nilihofia moyo wake, njia ni ndefu, nilisema nitamleta mwenyewe..."

"Nyamaza. Sijaanza na wewe." Akamtazama. "Lakini kwa kuwa umeamka, haya. Umesomea watu, unapima vifua vya watu. Dada yangu amekuzaa, amekubeba mgongoni, ukaona hajui miguu yake inafika wapi? Kama angefia njiani, si angefia njiani akija?"

Baba akainama mpaka paji likagusa mchanga. Bibi, alilia. Mimi sikuwa nimewahi kumwona Baba akilia, hata siku yako, kwa sababu siku yako alikuwa na shughuli za watu. Alilia kama mtoto aliyechoka, pua na macho pamoja, na Mama akaacha fagio akaja akakaa karibu yake tu, bila kumshika.

Kisha Bibi Mdogo akaniambia, "Barua unazo?" Nikasema zimo mkobani. "Lete."

Nikakimbia nikazileta. Akasema, "Salamu sizitaki. Soma palepale uliporuka."

Nikasoma. Na sasa nakusomea wewe, kama nilivyosoma pale.

Ya kwanza: "Dada, kitanda chako nimekiwamba upya. Njoo."

Ya pili: "Dada, maneno yangu ya siku ya arusi nimekwisha kuyameza, yamenikwaruza koo miaka yote hii. Kitanda nimekiwamba tena, kamba za kwanza zimelegea kwa kungoja. Njoo."

Ya tatu: "Dada, miguu yangu haifiki kisimani. Sikuiti uje kuniuguza, watu wa kuniuguza wapo. Nakuita nikuone. Usipojibu neno hili safari hii, nitajua hutaki, nami sitakusumbua tena. Njoo."

Hayo ndiyo yote, Bibi. Mistari saba kwa zote tatu, kwa mwandiko wa mwalimu wa chuo chao cha Kurani, aliyekuwa akimwandikia. Nimeihesabu mara nyingi.

Akasema, "Sasa niambie yake. Yale uliyoyaacha ukaniandikia mihogo." Nikamwambia kama ulivyosema, kwamba huna hasira tena, kwamba unangoja. Nikasita, akasema, "Na mengine. Namjua." Basi nikamwambia na lile la mwisho: "Mwambie pia mume wangu hakunuka moshi kabisa, na siku ile ya arusi aliyenuka samaki ni yeye."

Bibi Mdogo akacheka. Akacheka mpaka akashika mbavu, mpaka chaza wakamwagika, kisha kicheko kikageuka, akajifunika uso kwa kanga. Tukakaa. Tatu akaja amelowa, akatutazama wote, akauliza kama bahari imemjibu mtu.

Nilipoona ametulia nilimwomba msamaha. Akanishika kidevu kwa mkono wenye harufu ya chaza. "Fungu langu nimekusamehe, mke mwenzangu. La kwake si langu kuligawa. Rudi ukamwombe mwenyewe, na umsomee yote. Lakini mimi sasa nimwite vipi? Nilimwita kwa karatasi mara tatu hakusikia." Hapo akainuka. Mama na mimi tukamshika kwapani. Hakugeukia bahari. Alielekea huku kwetu, bara, akaita kwa sauti ambayo sikujua bado anayo: "Hawa wee! Mwanahawa! Njoo bwana! Njoo!"

Wanawake miambani waliinua vichwa. Mmoja akaitikia kwa mbali, kwa mzaha, "Naja!" Kisha nadhani mwenzake alimwambia anayeitwa ni nani, kwa sababu alinyamaza.

Siku zilizobaki zilikuwa nyepesi kidogo. Sisemi nyepesi sana. Baba alipunguza kulala akawa anakwenda na Tatu majini, suruali imekunjwa magotini, na alimkanda Bibi Mdogo miguu kila asubuhi kwa mafuta ya nazi. Naye alimwambia, "Vizuri, mchoma sindano, kumbe una mikono pia." Siku moja kabla ya kuondoka alitunyooshea kidole, mimi na Tatu, akatuonyesha kitanda chako. "Laleni ninyi. Kamba zisioze bure." Tumekilalia, Bibi. Kinakaza mgongo. Tatu alijigeuza sana, lakini mimi nililala usingizi ambao sikuupata tangu mwezi wa saba.

Njia ya kurudi ilikuwa ileile, na ilikuwa ndefu zaidi. Tulipotoka Soga Baba alinichukulia mkoba wako, akautia begani pamoja na mikeka.  Kisha akasema, bila kunitazama, "Zuhura, nisikuagize tena jambo kama lile. Nikikuagiza, ukatae." Nikasema, "Ndiyo, Baba." 

Basi ndiyo hayo. Kesho asubuhi, kabla ya shule, nitapita makaburini na karatasi hizi na zile tatu, nikae chini, safari hii wewe ukae juu, nikusomee polepole, nisifukuze kunguru. Nakuomba msamaha kwa mistari saba niliyoiruka na kwa mihogo yote iliyostawi. Nakuahidi kwamba barua yoyote itakayopita mikononi mwangu, ya mtu mkubwa au mdogo, ya furaha au ya msiba, nitaisoma kama ilivyoandikwa mpaka mwisho. Bibi Mdogo ametaka sasa mimi ndiye niwe namwandikia kutoka huku, na anasema barua zangu ziwe fupi na ziwe za kweli. Baba amesema likizo yake ijayo, ikitoka au isitoke, tutakwenda tena kumwona.

Lala salama, mke mwenzangu. Umeitwa. Nimekuletea mwito wenyewe kwa mdomo wangu, ukisikia uende, kitanda kimekaza.

Imebaki kitu kimoja, na Bibi Mdogo anangoja nimwandikie jibu lako kabla posta ya Jumatano haijaondoka. Siku ile ya mwezi wa saba, ulipoichukua karatasi ukaigeuza, ukapitisha kidole juu ya mistari, kisha ukanipa mua: ulijua kwamba nimeruka, Bibi?

Mjukuu wako,
Zuhura.